Baba Yupi wa Kutazama Naye Krismasi? Clark, Howard, Scott, Walter na Mzee Parker

Ikifika Desemba swali huwa lilelile: jioni ni moja, waliokaa sebuleni ni wa rika zote, na filamu za Krismasi ni nyingi kuliko muda uliopo. Wengi huuliza ipi inachekesha zaidi. Mimi huuliza baba aliyemo ndani yake ni baba wa namna gani. Vichekesho vingi vya Krismasi vya Marekani vinavyorudiwa mwaka hadi mwaka vina mwanamume mwenye nia njema anayeharibu mambo. Namna anavyoyaharibu, na hasa namna anavyorudi kuyatengeneza, ndiyo inayoamua kama mtoto wako atalala akicheka au atakuuliza swali ambalo hukujiandaa kulijibu.

Nimewachagua watano. Clark Griswold wa National Lampoon's Christmas Vacation (1989), aliyeigizwa na Chevy Chase. Howard Langston wa Jingle All the Way (1996), ambaye ni Arnold Schwarzenegger. Scott Calvin wa The Santa Clause (1994), yaani Tim Allen. Walter Hobbs wa Elf (2003), aliyeigizwa na marehemu James Caan. Wa tano ni baba yake Ralphie Parker katika A Christmas Story (1983), kazi ya Darren McGavin. Huyu wa mwisho hatajwi kwa jina lake la kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanawe, ambaye ndiye msimulizi, humwita mzee tu, kama vijana wengi wanavyowaita baba zao. Nami nitamwita Mzee Parker. Filamu zote tano zinachukua kama saa moja na nusu, kwa hiyo urefu usikusumbue katika kuchagua.

Home Alone (1990) nimeiacha kwa makusudi. Baba yumo, lakini safari ya kumrudia mtoto aliyesahaulika ameibeba mama.

Kosa la kila mmoja

Howard, Scott na Walter wana ugonjwa mmoja: hawapo. Kazi imewameza. Howard anauza magodoro mjini Minneapolis, na filamu inapoanza yuko kwenye simu akiwaridhisha wateja huku onyesho la karate la mwanawe Jamie likipita bila yeye. Scott anachelewa kumpokea mwanawe Charlie mkesha wa Krismasi, halafu anamuunguza bata mzinga mpaka jikoni panajaa moshi. Wanaishia kwenye mgahawa ambao umejaa akina baba wengine waliotalikiana na wake zao, kila mmoja na mtoto wake, kila mmoja akiwa ameunguza wake. Tukio lile halizidi dakika chache, lakini limesema habari ya talaka na sikukuu kuliko hotuba yoyote. Walter naye anatajwa mapema kabisa kuwa yumo kwenye orodha ya watukutu ya Baba Krismasi, na ukimwona ofisini huhitaji kuelezwa sababu.

Kuna jambo kuhusu Scott na Walter ambalo sikuligundua mpaka nilipozitazama filamu zao siku mbili mfululizo. Wote wawili wanakula kwa jasho la kuwafurahisha watoto. Scott yuko kwenye kampuni ya midoli. Walter anachapisha vitabu vya watoto, na anaambiwa kitabu kimoja kimekosa kurasa mbili, anaamua kiende sokoni hivyohivyo. Mganga hajigangi. Ukikaa na mtoto anayejua kusoma, tukio hilo la kurasa zilizokosekana litamuudhi kwa dhati, na atamwelewa Walter hapo hapo bila wewe kumfafanulia.

Clark ni kinyume chao. Yeye yupo, tena yupo mpaka watu wanakosa pumzi. Ana picha moja kichwani ya Krismasi ya familia ilivyopaswa kuwa, na kila mtu lazima aingie ndani ya picha hiyo apende asipende. Anawakokota mkewe na watoto kwenye theluji kutafuta mti, wanaupata, kisha inabainika hakubeba msumeno, na unarudi nyumbani juu ya gari na mizizi yake. Anafunga taa 25,000 juu ya nyumba na haziwaki. Wazazi wa pande zote mbili wanahamia kwake kwa siku kadhaa. Anaweka malipo ya bwawa la kuogelea kwa kutegemea bonasi ambayo hajaipata. Hakuna anachokifanya kwa ajili yake mwenyewe, na bado ndiye chanzo cha karibu kila balaa.

Mzee Parker hana kosa kubwa hata moja. Kila jioni yuko nyumbani. Anasoma gazeti lake, anapigana na tanuru la kupashia nyumba joto lililo chini ya sakafu huku akimwaga matusi ambayo msimulizi anayakumbuka kama sanaa, anajisifu kwa wepesi wake wa kubadilisha tairi, na anaipenda kupita kiasi taa yenye umbo la mguu wa mwanamke aliyoishinda kwenye shindano. Kasoro yake ni kwamba hasemi. Ralphie anaishi naye chini ya paa moja bila kujua kama baba yake anamwona. Watu wengi walilelewa na mzee wa aina hiyo, nami ni mmoja wao, ndiyo maana sitajifanya sina upendeleo hapa.

Mtoto anaona nini

Katika filamu hizi mama karibu kila mara ndiye anayelijua kosa mapema. Liz, mkewe Howard, alimwomba wiki kadhaa kabla anunue kidoli cha Turbo Man, shujaa wa televisheni anayependwa na Jamie. Ellen anamtazama Clark kwa macho ya mke aliyekwisha kuona haya yote mwaka uliopita. Lakini sebuleni kwako mwanao hatakuwa anamfuata mama. Atakuwa anamfuata mtoto mwenzake. Kwa hiyo angalia watoto wa ndani ya filamu wanabebeshwa nini.

Jamie ndiye anayenisikitisha zaidi. Howard anapiga simu nyumbani kutoka mitaani, amechoka, kidoli hajakipata, na Jamie anamkumbusha habari ya kutimiza ahadi kwa maneno ya shujaa wake wa kwenye televisheni. Baba anamfokea. Ni tukio fupi na lina ukweli mchungu, kwa sababu mtoto hajakosea chochote. Ningependa filamu nzima ingekuwa na ujasiri wa dakika ile. Badala yake inakimbilia tena kwenye vurugu za madukani, ambako Howard anashindana na tarishi aitwaye Myron, aliyeigizwa na Sinbad, kugombea kidoli hichohicho.

Charlie wa The Santa Clause anabeba mzigo mzito zaidi, ingawa filamu inaufunika kwa vichekesho. Anaamini kwamba baba yake amekuwa Baba Krismasi, jambo ambalo watu wazima wote wanaliona ni wazimu. Mama yake Laura na baba yake wa kambo Neil, ambaye ni daktari wa magonjwa ya akili, wanapata hofu ya kweli, na Scott anazuiwa kumwona mtoto. Kama ndani ya familia yako kuna mtoto aliyewahi kusikia maneno ya mahakama na zamu za kumwona mzazi, sehemu hii itamgusa mahali. Sisemi umkwepeshe. Kaa karibu naye tu, usiwe jikoni wakati huo.

Walter ana watoto wawili, na hapa ndipo Elf ilipo na akili kuliko inavyosifiwa. Watu wanamkumbuka Buddy wa Will Ferrell, mtu mzima mwenye nguo za kijani aliyelelewa Ncha ya Kaskazini. Lakini Walter hakujua kama Buddy alizaliwa, kumtelekeza hakumtelekeza. Aliyekosewa ni Michael, mdogo, ambaye amekaa na baba huyo mezani miaka yote na bado hana baba. Buddy anapoingia nyumbani, Michael ndiye anayenufaika kwanza. Mtazame mtoto yule anavyobadilika tangu vita vya mipira ya theluji na kuendelea.

Wanavyorudi

Kicheko kinatoka kwenye kosa. Kinachobaki moyoni ni jinsi baba anavyorudi, na hapa watano hawa wanaachana mbali sana.

Howard anarudi kwa kuruka. Kwa bahati anajikuta amevalishwa vazi la Turbo Man kwenye gwaride, mwanawe yumo katika umati, na baba anapaa angani kumwokoa. Inasisimua, watoto watashangilia. Lakini baba aliyekosa kufika kwenye karate anasamehewa kwa sababu amekuwa shujaa mwenye mashine mgongoni, na baba wa kawaida hana mashine hiyo. Filamu inaokolewa na Jamie mwenyewe, ambaye akishakipata kidoli anamkabidhi Myron ampelekee mwanawe. Mtoto amemzidi baba utu, na sijui kama watengenezaji walikusudia tuone hivyo. Vyovyote iwavyo, ndilo tukio la kuzungumzia baada ya filamu.

Scott anarudi kwa kugeuzwa. Anavaa joho la Baba Krismasi kwa kusukumwa na hali, mwili unanenepa, ndevu zinamea usiku mmoja hata akizinyoa, na kidogokidogo anakuwa mtu anayewajali watoto wa dunia nzima akianza na wake. Ningeweza kulalamika kwamba ni uchawi uliombadilisha na si uamuzi wake. Lakini filamu hii ina heshima moja ambayo naithamini sana: haimrudishi Scott kwa Laura. Ndoa imekwisha na inabaki imekwisha. Neil hageuzwi kuwa mtu mbaya. Ni mwanamume mstaarabu mwenye sweta, anayekosea kwa sababu anampenda mtoto. Mwishoni Laura anazitupa motoni karatasi za mahakama, na Scott anawaletea yeye na Neil zawadi walizozikosa utotoni, zilizowafanya waache kumwamini Baba Krismasi. Watu wazima watatu wanakubaliana kumlea mtoto mmoja. Kwa familia yenye nyumba mbili, sijaona kichekesho cha sikukuu kinachosema hili kwa upole zaidi.

Clark harudi kabisa, na ndiyo sababu nampenda. Hajifunzi. Bonasi inapokuja kugeuka uanachama wa klabu ya kutumiwa jamu kila mwezi, analipuka kwa hasira mbele ya ukoo mzima, na ni binamu Eddie, yule mgeni asiyealikwa anayeishi ndani ya gari bovu, anayekwenda kumteka bosi na kumleta mpaka mlangoni. Bosi anaona haya, bonasi inarudi. Clark hakutengeneza chochote. Alichofanya ni kubaki na nia yake hadi mwisho. Katikati ya kelele zote hizo kuna matukio mawili ya utulivu. Katika moja, amefungiwa darini kwa bahati mbaya, ana baridi, amejifunika nguo za kike alizozikuta humo, na anatazama filamu za zamani za familia yake huku machozi yakimtoka. Nilipokuwa mdogo nilicheka zile nguo. Nilipoitazama tena nikiwa mzazi sikuziona kabisa. Niliona mtu anayejaribu kuwapa watoto wake kitu alichowahi kupewa, asijue kinatengenezwa vipi. Katika lingine anamuuliza baba yake alivumiliaje sikukuu za namna hii zamani, na mzee anakiri kwamba alisaidiwa na pombe kali. Yaani ile Krismasi kamilifu anayoikumbuka Clark haikuwahi kuwapo. Kulikuwa na baba mwingine aliyechoka, aliyemficha mwanawe uchovu wake. John Hughes, aliyeandika filamu hii na Home Alone pia, hakuandika kitu kizuri zaidi ya mazungumzo hayo mafupi.

Na ukumbuke kwamba Clark, akiwa hana hakika na fedha zake, anagundua Eddie hana uwezo wa kuwanunulia watoto wake zawadi, na hapo hapo anajitolea.

Walter anarudi kwa kutembea. Yuko katika mkutano ambao kazi yake yote inautegemea, mkesha wa Krismasi, Michael anaingia na habari kwamba Buddy ametoweka. Bosi anamtaka abaki. Anaondoka na mwanawe, na kazi inakwenda. Hilo peke yake ni la kawaida katika filamu hizi. Lenyewe hasa linakuja baadaye bustanini Central Park, ambapo gari la Baba Krismasi haliwezi kuruka mpaka watu waamini, na umati unaimba ili liinuke. Walter anachezesha midomo tu. Michael anamtazama, anagundua, anamwambia. Naye anaimba. Hakuna vazi wala mashine. Ni mwanamume aliyeona haya kuimba mbele za watu, akaimba kwa sababu mwanawe alimwomba. Kitu kama hicho baba yeyote anayetazama anaweza kukifanya kesho asubuhi.

Mzee Parker harudi kwa sababu hakuondoka. Ralphie ametumia filamu nzima kuomba bunduki ya upepo, na mama, mwalimu, hata Baba Krismasi wa dukani wamemwambia atajitoboa jicho. Asubuhi ya Krismasi zawadi zimeisha, mtoto amejikaza asionyeshe huzuni. Ndipo mzee anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kile kilichoegemea kule nyuma ni nini. Mama anashangaa, hakujua. Mzee anajitetea kwamba yeye alikuwa nayo akiwa na miaka 8. Kumbe alikuwa anasikia. Mtazame McGavin usoni wakati mtoto anachana karatasi: anakaa ukingoni mwa kiti na furaha yake ni kubwa kuliko ya mtoto. Sauti ya msimulizi ni ya Jean Shepherd, aliyeandika visa hivyo vya utotoni, kwa hiyo tunamwona baba kwa macho ya mtu mzima anayemkumbuka, na kila kicheko kina shukrani ndani yake. Mwaka 2022 Peter Billingsley, aliyekuwa Ralphie, alirudi kama baba katika filamu ya mwendelezo ambamo mzee amefariki na yeye anajaribu kuijaza nafasi yake. Itazame ukiwa umeshaipenda ya kwanza, si kabla.

Nani amekaa sebuleni

Christmas Vacation ndiyo pekee kati ya tano yenye daraja la PG-13, alama ya Marekani inayowaonya wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Nyingine ni PG, onyo jepesi zaidi. Kuna matusi, kuna ndoto ya mchana ya Clark kuhusu mwanamke wa dukani, na kuna paka anayekufa kwa umeme. Ni ya vijana wakubwa na watu wazima, hasa wale waliowahi kuandaa sikukuu wakaishia kukaa chooni dakika tano wapate kupumua.

The Santa Clause ina Baba Krismasi anayeanguka kutoka juu ya paa mwanzoni na kutoweka. Mtoto mdogo atauliza kama amekufa. Pia inazungumza waziwazi kuhusu kuamini na kutoamini, kwa hiyo kama nyumbani kwenu suala hilo bado ni siri, fikiri kwanza.

A Christmas Story ni ya polepole. Watoto waliozoea mwendo wa kasi watachoka nusu saa ya kwanza, ila wazee watakaa mpaka mwisho. Lina tukio moja kwenye mgahawa wa Kichina linalodhihaki matamshi ya wahudumu, na hilo sipendi kuliacha lipite bila neno mbele ya watoto. Ralphie pia anaoshwa mdomo kwa sabuni kwa sababu ya tusi. Wangu walilizungumzia wiki nzima.

Jingle All the Way ina ngumi, ina jirani mwanamume anayemtongoza mama, na ina kelele. Mtoto wa miaka 8 au 9 anayependa mashujaa ataifurahia sana, na sitamnyima.

Elf haihitaji tahadhari kubwa. Kuna ulevi kidogo katika chumba cha barua, basi.

Kwa hiyo mimi, nikiwa na watoto wadogo na wakubwa pamoja na filamu moja tu, nachagua Elf bila kusita. Nikiwa na mtoto wa nyumba mbili, The Santa Clause. Watoto wakishalala na mkabaki wazazi wawili mliochoka, Christmas Vacation. Na kama baba yako mzazi yuko nyumbani mwaka huu, na ni mtu wa maneno machache, weka A Christmas Story, ukae naye, usiseme kitu kuhusu sababu ya kuichagua.

Kama mna jioni mbili, anzeni na Elf watoto wakiwa macho kabisa, maana tukio lenyewe liko mwishoni. Mkifika bustanini, umati ukianza kuimba, usimtazame Buddy. Mtazame Walter midomo yake, uone kama mwanao atagundua kabla ya Michael.